Sura ya Nne: Mbona Wangu Bado Hajatembea?

Mwenye mtoto wa mwaka mmoja hakosi kuulizwa. Akipita dukani anaulizwa, akienda kwenye shughuli anaulizwa, na shangazi akipiga simu kutoka kijijini hamalizi salamu kabla ya kuuliza: sasa anatembea? Jibu likiwa bado, hufuata kimya kifupi, kisha habari za mtoto wa jirani aliyetembea na miezi 9. Mama anarudi nyumbani na swali moja moyoni: mbona wangu bado?

Swali hilo tutalijibu. Lakini niseme mapema ninachoamini. Tunahangaika mno na miguu ya watoto wetu, na tunahangaika kidogo mno na masikio na maneno yao. Mtoto wa miezi 14 asiyetembea atapelekwa kwa bibi, atapakwa mafuta, atafukiwa mchangani hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Mtoto wa miaka 2 asiyeitika jina lake ataachwa, kwa maelezo kwamba atasema tu, hata baba yake alichelewa. Yule wa kwanza mara nyingi hana tatizo lolote. Huyu wa pili anapoteza muda ambao hautarudi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ukuaji ni kuongezeka kwa mwili: uzito, urefu, mzunguko wa kichwa. Huo ndio unaochorwa kwenye kadi ya kliniki kila mwezi. Maendeleo ni kuongezeka kwa uwezo: kushika, kukaa, kumchekea mtu, kusema. Hatua za maendeleo ni zile alama ambazo mzazi anaweza kuziona kwa macho yake, kwamba jana mtoto hakuweza na leo ameweza. Mtoto anaweza kuwa na kilo zake zote na bado maendeleo yake yakawa na kasoro. Mizani ya kliniki haipimi kama anasikia.

Upana wa dirisha

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 kutoka nchi 5: Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Watoto wa Oman walikuwa wa Muscat, mji ambako familia nyingi za Pwani zina ndugu. Wote walichaguliwa wakiwa na afya njema, wamezaliwa kwa wakati wao, wananyonya maziwa ya mama, na mama zao hawavuti sigara. Kuanzia miezi 4 wachunguzi waliwatembelea kila mwezi, na baada ya mwaka kila miezi 2, wakiandika nani ameweza nini.

Kila hatua ikapewa dirisha, yaani muda tangu watoto wa mwanzo kabisa kuiweza hadi wa mwisho kabisa. Madirisha yenyewe, kwa kukadiria, ni haya:

- Kukaa bila kushikiliwa: miezi 4 hadi 9
- Kusimama kwa kushika kitu: miezi 5 hadi 11 na nusu
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5 hadi 13 na nusu
- Kutembea kwa kushika kitu: miezi 6 hadi 14
- Kusimama dede peke yake: miezi 7 hadi 17
- Kutembea peke yake: miezi 8 hadi 17 na nusu

Tazama mstari wa mwisho. Kati ya mtoto mzima wa kwanza kutembea na mtoto mzima wa mwisho kuna zaidi ya miezi 9, muda wa mimba nzima. Watoto wa Ghana walielekea kutangulia kidogo na wa Norwei kuchelewa kidogo, lakini tofauti ya nchi na nchi ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya mtoto na mtoto ndani ya nchi hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto wa jirani aliyetembea na miezi 9 na wa kwako anayesimama dede na miezi 14 wamo ndani ya dirisha moja. Wa jirani si hodari zaidi, na wala kutangulia huko hakuonyeshi kwamba atakuwa na akili zaidi shuleni.

Kinachosaidia kuliko umri peke yake ni kuona kama kuna kitu kinaongezeka. Uwezo wa kuutawala mwili hushuka kutoka kichwani: shingo hukaza kwanza, kisha mgongo, kisha nyonga na miguu. Kwenye mkono nao huanzia begani hadi vidoleni. Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hukamata kijiko kwa kiganja kizima, na akifika miezi 9 au 10 utamkuta kwenye mkeka anaokota punje moja ya wali kwa kidole gumba na cha shahada. Mtoto wa miezi 14 anayekaa vizuri, anayeshika kochi na kujivuta asimame, anayepiga hatua za upande akishikilia meza, yuko safarini. Mtoto wa umri huohuo ambaye hata kukaa anayumba, huyo hatuzungumzii kuchelewa kutembea tena. Apelekwe akaonwe.

*Kwa ufupi: kila hatua ina dirisha pana. Usiulize tu mtoto ana miezi mingapi. Uliza pia mwezi uliopita alikuwa anaweza nini, na sasa ameongeza nini.*

Watoto wa Kokwet

Kwa muda mrefu wageni waliowachunguza watoto wa Afrika Mashariki waliandika kwamba wanatangulia kukaa na kutembea kuliko wa Ulaya na Marekani, na wengi wakadhani ni jambo la damu. Katika miaka ya 1970 Charles Super, mwanasaikolojia wa Marekani, aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za magharibi mwa Kenya, akatazama jinsi kina mama wanavyolea. Aliona kwamba kina mama hawangoji mtoto akae mwenyewe, humfundisha. Humchimbia kishimo kidogo ardhini au kumzungushia mablanketi ili mgongo uegemee, wakamwacha hapo akiangalia watu. Baadaye humshika mikono na kumtembeza kila siku.

Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea yapata mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa, hawakutangulia. Kama ingekuwa damu, wangetangulia katika yote. Mtoto huwahi kile anachopewa nafasi ya kukifanya.

Nalipenda sana jambo hili kwa sababu linawarudishia mabibi zetu heshima yao. Yule bibi anayemkalisha mjukuu kati ya miguu yake, anayemsimamisha mapajani na kumrusharusha, anafanya kile ambacho wauguzi wa Tanzania leo wanakifundisha kwa jina la uchangamshi, yaani kumpa mtoto mambo ya kuona, kusikia, kushika na kujibu tangu siku za mwanzo.

Linatufundisha pia kutopima watoto wetu kwa vitu wasivyovijua. Vipimo vingi vya ng'ambo huuliza kama mtoto anapanda ngazi au anafungua kurasa za kitabu cha picha. Mtoto wa nyumba isiyo na ghorofa wala kitabu atashindwa, na kushindwa kwake hakutakuwa na maana yoyote. Kilifi, Pwani ya Kenya, watafiti akiwemo Amina Abubakar walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia mambo ambayo mtoto wa pale anayafahamu. Kazi ya aina hii inastahili kufanyika katika kila kona tunakoishi.

Hesabu ya mtoto njiti

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, husomewa hatua zake kwa umri uliorekebishwa. Hesabu yake ni rahisi. Mimba kamili ni wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8, karibu miezi 2. Akitimiza miezi 10 kwa kalenda, mtazame kama mwenye miezi 8. Endelea kupunguza hivyo hadi afikishe miaka 2, kisha acha. Chanjo hazipunguziwi: hizo hufuata tarehe aliyozaliwa.

Nimekutana na kina mama wa njiti waliobeba huzuni ya mwaka mzima kwa kukosa tu mtu wa kuwafanyia hesabu hii wakati wanaruhusiwa kutoka hospitali.

Kutambaa, meno na kigari

Haya matatu tuyapitie haraka.

Wapo watoto wasiotambaa kabisa. Katika ule uchunguzi wa nchi 5, watoto 4 hivi kati ya 100 waliiruka hatua hiyo. Wengine hujiburuta kwa makalio, wengine huviringika hadi wanakotaka, wengine hukaa tu mpaka siku wanaposhika ukuta na kusimama. Hakuna ubaya.

Meno hayaonyeshi maendeleo ya ubongo. Yanaweza kutoka na miezi 5 au baada ya mwaka. Na yale yanayoitwa meno ya plastiki, uvimbe mweupe kwenye fizi unaosingiziwa homa na kuharisha, ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Anayeyachokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli anaweza kumwachia mtoto damu isiyokoma, pepopunda, au kifo. Usimpe mtoto wako.

Kigari cha magurudumu cha kufundishia kutembea hakifundishi. Mtoto husukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kujisawazisha, na hufika kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Mkeka sakafuni na stuli ya kushika vinamtosha.

Masikio kwanza

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii.

Mtoto kiziwi hulia kama wengine. Hucheka. Katika miezi ya mwanzo hutoa zile sauti laini za koo, *aguu, aguu*, zinazomfanya kila mtu ndani ya nyumba ashangilie. Kwa hiyo wazazi hawana sababu ya kushuku. Tofauti huanza kuonekana kati ya miezi 6 na 10. Mtoto anayesikia huanza kuunganisha silabi, *bababa, dadada, mamama*, akijisikiliza na kurudia. Kwa asiyesikia, minyororo hiyo ya silabi huchelewa sana au haiji. Wazazi husema ametulia, ni mtoto mpole, hasumbui. Wakija kugundua ana miaka 3.

Kusikia kunaweza kuharibika kwa mengi: manjano kali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara bila kutibiwa, baadhi ya sindano zinazookoa maisha ya wachanga mahututi. Wengine huzaliwa hivyo. Mtoto anayegunduliwa kabla ya miezi 6 na kusaidiwa, kwa kifaa cha kusikia au kwa lugha ya alama na wazazi wanaojifunza pamoja naye, hupata lugha vizuri zaidi kuliko anayegunduliwa baadaye. Ubongo wa miaka ya mwanzo unaitafuta lugha, iwe ya mdomo au ya mikono, na ukiikosa kipindi hicho kuifidia ni kazi ngumu.

Unaweza kuangalia nyumbani. Mngoje mtoto awe ameshiba na ametulia, redio imezimwa, amepakatwa na dada yake. Simama nyuma yake, hatua 2 hivi, mahali asipokuona na kivuli chako hakimfikii. Usipige makofi karibu na shingo, kwa sababu atahisi upepo. Usigonge meza wala kukanyaga sakafu kwa kishindo, kwa sababu atahisi mtikisiko, nawe utadhani amesikia. Tamka jina lake kwa sauti ya kawaida. Ngoja kidogo. Kisha gonga kijiko kwenye kikombe, taratibu. Mwenye miezi 6 kwenda mbele atageuza kichwa kukutafuta. Rudia upande wa pili, na siku nyingine tena. Asipogeuka, usingoje. Kipimo cha kweli cha masikio kipo hata kwa mtoto wa siku moja. Hakihitaji mtoto ajibu chochote. Na hata akigeuka, kama moyo wako una shaka, nenda.

Yupo pia mtoto anayesikia vizuri lakini haitiki. Ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, ukimwita jina lake mara 5 hageuki. Hapa angalia kidole. Mtoto akikaribia mwaka huanza kunyooshea vitu kidole, kuku, ndege, taa, kisha anakuangalia usoni kuona kama nawe umeona. Hatua hii ndogo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, maana inaonyesha amejua kwamba wewe una macho yako na mawazo yako, na anataka mshiriki kitu kimoja. Akipita mwaka na nusu hanyooshi kidole, hakuangalii usoni, haigi kupunga mkono wa kwaheri, inafaa achunguzwe kwa usonji. Usonji ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti. Hausababishwi na chanjo, wala malezi ya mama, wala laana.

Kuhusu maneno yenyewe, wengi hupata neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, na wakifika miaka 2 huunganisha mawili: *taka maji, baba njoo*. Visingizio vinavyotuchelewesha navijua vinne. Kwamba ni wa kiume: kweli wavulana huchelewa kidogo, lakini kidogo huko hakuelezi ukimya wa mtoto wa miaka 2. Kwamba ana udata, kile kiuzi kilichofunga ulimi: udata unaweza kusumbua kunyonya au matamshi ya baadhi ya sauti, ila haumzuii mtoto kuelewa wala kuanza kusema. Kwamba nyumbani kuna lugha mbili: watoto wa Kichaga na Kiswahili, au Kiluo, Kiswahili na Kiingereza, huzipata zote; hesabu maneno ya lugha zote pamoja, usimnyang'anye bibi lugha yake. Na kwamba atajifunzia kwenye simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Katuni inasema nayo hainyamazi kumsikiliza. Mtoto hujifunza kusema kwa mtu anayengoja jibu lake.

*Kwa ufupi: ukimya wa mtoto si upole. Jua kwanza kama anasikia, kisha kama anakujibu, kisha kama anakuonyesha vitu.*

Kubemenda

Siwezi kuandika kwa wasomaji wa Tanzania nikaliruka hili. Mtoto akikonda, miguu ikalegea, akachelewa kukaa na kutembea, watu husema amebemendwa: wazazi walikutana kimwili mapema, au mmoja alitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Miongoni mwa Wamijikenda wa Pwani ya Kenya maelezo ya namna hiyo huitwa chirwa.

Mama anayejua atasemwa hivyo hampeleki mtoto kliniki. Humfunika kwenye kanga, hupita njia za nyuma, hungoja. Nimewasikiliza kina mama wa namna hii, na kila mmoja alikuwa ameona dalili mapema. Walichokosa ni mahali pa kwenda bila kudhalilishwa. Wakati huo mtoto anaweza kuwa na utapiamlo unaotibika, au kifua kikuu, au upungufu wa damu. Au ana mtindio wa ubongo, ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na ubongo kuumia ukiwa mchanga, kwa mfano kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mtindio wa ubongo hauponi, lakini mtoto aliyeanza mazoezi ya viungo mapema viungo vyake havikakamai kiasi kile, hukaa, hula vizuri, na wengi hutembea.

Tendo la ndoa halimdhuru mtoto anayenyonya. Mimba nyingine ya mapema ndiyo inayoweza kumpunguzia maziwa na matunzo, na dawa yake ni uzazi wa mpango. Wauguzi wasiruhusu neno kubemenda litamkwe kwenye foleni. Nanyi akina baba, mmoja wenu akifuatana na mkewe kliniki siku moja tu, midomo mingi itafunga.

Nenda wiki hii ukiona

- Miezi 3 imepita hakuchekei ukimchekea.
- Miezi 4 imepita shingo haijakaza.
- Miezi 9 imepita hakai bila kushikiliwa.
- Kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu, mwingine kaukunja ngumi. Huo si ushoto, bali ni dalili kwamba upande mmoja una tatizo.
- Mwili umekakamaa na miguu inapishana kama mkasi, au umelegea mno.
- Mwaka na nusu umepita hatembei, au hana neno hata moja.
- Miaka 2 imepita haunganishi maneno mawili.
- Umri wowote: alikuwa anaweza kitu, sasa hawezi tena. Kwa hili usingoje hata hiyo wiki.

Anzia kliniki ya mama na mtoto unayoijua, na kadi yako. Kutoka hapo unaweza kuelekezwa hospitali ya rufaa. Kwa Kenya vipo pia vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa tangu 1984. Usiseme tu mtoto hana raha. Sema: ana miezi 10, hakai, mkono wa kulia haufungui. Kama simu yako inarekodi video, mrekodi nyumbani akiwa mchangamfu, kwa sababu kliniki atalia na muuguzi hataona kitu.

Muuguzi akikuambia tusubiri kidogo, huenda yuko sahihi. Lakini muulize tusubiri mpaka lini, na umwombe aiandike tarehe hiyo kwenye kadi. Siku ikifika na hali ni ileile, rudi.